Matanga Yangu Kwenye Daftari la Shule

Nilikufa mara moja, mwezi wa pili, kwenye daftari la mahudhurio la shule ya sekondari iliyo nyuma ya reli, hapa Kolwezi. Siku ile nilikuwa mtoni nikiosha mawe. Habari ya kifo changu ilinifikia jioni nikiwa napika sombe ya majani ya mihogo, na sikushangaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeituma.

Naandika jambo hili kwa kuwa mwaka huu limerudi, limekaa mlangoni, na limekataa kuondoka. Mjukuu wangu anataka kuingia chuo kikuu. Ni binti wa mwanangu wa kwanza. Mwanangu ni mchimbaji, anafuata mashimo, na simu yake inaita kutoka mahali tofauti kila mara. Mama ya huyu mtoto aliolewa tena Dilolo. Kwa hiyo mtoto amekulia kwangu tangu akiwa na meno ya chini tu. Ananiita kambo, kama watoto wote wa huku wanavyomwita nyanya yao.

Mimi shule nilisoma miaka miwili, kwa masista. Kisha mama yangu alijifungua mapacha, mtu akahitajika nyumbani, na mtu huyo nilikuwa mimi. Lakini majina sisahau. Wasichana wote wa benchi langu ninao, na wa benchi la mbele, na baba zao na kazi zao kwenye kampani ya madini. Mjukuu ameniomba nisiandike jina hata moja hapa, eti hatujui karatasi hii itasomwa na nani. Sawa. Majina nimeyaweka. Hayajaenda popote.

Sasa, matanga yalianzaje. Macho yangu yalianza kuingia ukungu. Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuosha na kuchagua mawe kwenye mto mdogo unaoshuka kuelekea Lualaba. Wachimbaji wanaleta magunia, wanawake tunaosha, tunatenga jiwe jeusi na jiwe la bure, mnunuzi anakuja. Ukimwekea mnunuzi jiwe la bure kati ya mawe meusi mara mbili, mara ya tatu anapita kwako kama hakuoni. Mimi nilikuwa nimeshamwekea mara mbili. Kwa macho yangu mawe yote yalikuwa ya kijivu, na mto pia, na mnunuzi pia.

Mjukuu alikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilimwambia aje anisaidie siku moja. Jiwe jeusi alilijua mara moja. Siku moja ikawa wiki.

Huku kwetu mtoto akikosa shule, mwalimu anauliza sababu. Ukisema ugonjwa, anataka karatasi ya hospitali. Ukisema safari, anauliza ni nani alitoa ruhusa. Ukisema matanga, anasema poleni, na kalamu yake inaandika. Hakuna mwalimu anayemwomba mfiwa ushahidi, ni aibu. Kila mzazi anajua hivyo. Kwenye avenyu yetu kuna baba mmoja, tata kama tunavyosema, ambaye watoto wake wamemzika kwenye shule tatu, na hadi leo anauza makaa pale kona.

Nilianza na kaka yangu wa Kasaji. Ni mkulima wa mihogo, ana baiskeli na afya nzuri. Nilimchagua kwa ajili ya treni. Treni ya Kasaji haina siku, inaenda inapotaka na inarudi inapokumbuka, kwa hiyo matanga ya Kasaji yanaweza kuchukua wiki tatu bila mtu kuuliza. Baada yake nilimweka dada yangu mdogo wa Dilolo. Dilolo ni mbali zaidi, kule kwenye mpaka wa Angola, nikampa mwezi mmoja na nusu. Mwaka wa shule uliofuata nilimweka shemeji, kisha mke wa shemeji. Watu wakasema familia yetu imeingiliwa.

Ilipofika mwezi wa pili, ndugu wa kufa walikuwa wameisha. Waliobaki walikuwa wagonjwa kweli, na sikutaka kuwachezea. Nikaona afadhali mimi, mwenye kifua kizima. Nikamtuma jirani yangu, mama anayeuza ndakala, dagaa wakavu, sokoni, ambaye binti yake alikuwa darasa moja na mjukuu.

Jirani akauliza, "Niseme ni ugonjwa gani?"

"Sema nililala tu."

"Na kuzika, wapi?"

"Kasaji."

"Kaka yako naye alizikwa Kasaji."

"Sema pembeni yake."

Akaenda, akasema. Nilichosahau ni kwamba mimi sikuwa mtu wa mbali kama wale wengine. Mimi nilikuwa mlezi wa mtoto. Kwa mlezi, darasa linachanga. Darasa lote lilisimama kimya, likasali, na baadaye likaleta unga na makaa kwa jirani ili avifikishe kwa wafiwa. Wafiwa tulikuwa mimi na mjukuu. Ule unga wa matanga yangu tulikula bukari, ugali wa huku, siku nne. Ulikuwa wa mahindi meupe, umesagwa vizuri.

Baada ya hapo sikuweza tena kufika shuleni kama mimi. Mjukuu aliporudi darasani, nilikwenda kwenye mikutano ya wazazi kama dada ya marehemu. Nilibadilisha namna ya kufunga kitambaa. Mkuu wa sekondari, yule tunayemwita prefe, alinipa mkono, akanipa pole kwa ajili ya dada yangu. Nikapokea. Alisema marehemu alikuwa mwanamke mwenye bidii. Nikasema ndiyo, alijitahidi.

Tuliishi hivyo hadi mtoto akapata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Kati ya hapo waganga wa macho walikuja hospitali ya misheni, wakanipasua, ukungu ukatoka. Nikaanza kuona sura za watu ambao nilikuwa nawajua kwa sauti. Wengine walikuwa wamezeeka sana.

Mwaka huu mjukuu akasema anataka kusomea kilimo chuo kikuu. Nilifikiri atasema mawe, kwa vile kila mtoto wa Kolwezi mwenye diploma anasema mawe.

"Mawe nimeshayaona, kambo," akasema.

Chuo kiliomba bulletini, karatasi za alama, za miaka yote ya sekondari. Mbili kati yake zilikuwa nyeupe, hazina alama, kama sahani zilizooshwa. Hapo wakasema: mwenye bulletini bila alama aandike barua, aeleze kwa nini masomo yake yalikatika.

Tulikwenda kwa bwana mmoja mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa karibu na soko. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zinapita juu ya paa lake na kuendelea na safari, kwa hiyo tulisubiri hadi awashe jenereta. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Ni ugonjwa, matanga ao vita?"

Mjukuu akauliza, "Zote ziko tayari?"

"Ziko ndani ya mashine. Nabadilisha jina tu. Ugonjwa banaomba karatasi. Matanga, batu bengi balishaweka. Vita iko muzuri. Ku chuo banapenda vita."

"Vita gani, tata?" nikauliza mimi. "Ku avenyu yetu hakukuwa vita."

"Mama, inchi ni kubwa. Vita iko pahali."

Mjukuu akanitazama. Nilipaswa kusema neno pale. Nilisema tu kwamba jenereta inanuka. Tukatoka na barua ya vita, karatasi mbili, yenye maneno ya Kifaransa ambayo mjukuu mwenyewe alitafuta maana yake njiani. Ndani yake alikuwa amekimbia msituni akiwa na godoro.

Siku kumi hazikupita, ofisi ya chuo ikamwita. Alirudi, akaketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Juu ya barua mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu. Mjukuu akanitafsiria: "Vita ipi? Karatasi ya shule inasema matanga matano."

Kumbe shule nayo ilikuwa imetuma karatasi yake, ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye sababu zote za kukosa kama zilivyoandikwa. Mama wa ofisini alimwambia mjukuu alete ukweli mmoja, wowote, lakini uwe mmoja, na usainiwe na mlezi na uthibitishwe na shule. Alimpa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipoleta, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Mulezi ni nani?" mjukuu akauliza, si kwangu hasa. "Ku shule mulezi alikufa."

Nilivua aproni. Nilimwambia kesho tunaenda kwa prefe.

"Kama dada ya marehemu?"

"Hapana. Ule dada naye amechoka."

Prefe ni yule yule. Amekonda, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani kwa marehemu. Nikamwambia:

"Tata prefe, mi mwenyewe njo marehemu."

Aliinuka, akafungua kabati, akatoa daftari refu lenye jalada la kijani, akapuliza vumbi, akatafuta ukurasa. Akasoma kwa sauti kama anavyosoma majina asubuhi: "Kifo cha mjomba, Kasaji. Kifo cha shangazi, Dilolo. Kifo cha shemeji. Kifo cha mke wa shemeji. Kifo cha nyanya, mlezi wa mwanafunzi." Akafunga miwani vizuri.

"Mjomba wa Kasaji alikuja hapa na mihogo," akasema. "Mwaka ule ule. Aliniuliza njia ya kufika kwako."

"Sikumwambia kama alikufa."

"Mi pia sikumwambia."

Mjukuu alikuwa anatazama dirisha. Nikamuuliza prefe kama alijua tangu wakati ule. Akasema kila Jumatano alikuwa anapita darajani na pikipiki, na daraja liko juu ya mto, na yeye ana macho.

"Uliona, na bado uliandika?"

"Mama, hapa kuko kisanduku kimoja tu cha sababu. Nikiandika mto, inspekta anakuja, anasema ameacha masomo, anafuta jina. Nikiandika matanga, jina linabaki. Mtoto akitaka kurudi, kiti kiko." Akapindua ukurasa. "Nilisema poleni kila mara. Sikujua niseme nini kingine."

Nilitaka kumuuliza kuhusu ule unga, kama naye alichangia. Niliona tukifika huko hatutamaliza.

Akasema anaweza kutoa karatasi mpya, lakini hawezi kuandika kwamba mtoto alikuwa mtoni kwa neno langu tu. Mwenye kusema ni mtu ambaye daftari la prefe mwenyewe linasema amekufa. Chuo kitapiga simu, na yeye atajibu nini. Anahitaji ushahidi. Kwanza kwamba niko hai na nilikuwa hai. Pili kwamba mtoto alikuwa pale.

La kwanza lilikuwa jepesi. Mimi ni mjane wa mfanyakazi wa kampani. Kila mwaka sisi wajane tunaitwa kwenye ofisi kuonyesha kwamba hatujafa. Tunapanga mstari kuanzia asubuhi, karani anatutazama mmoja mmoja usoni, anapiga muhuri kwenye karatasi ya uzima. Zangu zote ninazo, ndani ya kopo la biskuti. Nilimtuma mjukuu nyumbani, akarudi nalo. Prefe akatafuta karatasi ya mwaka ule, akaiweka pembeni ya daftari. Kwa kampani nilikuwa hai tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili. Kwa shule nilikuwa nimezikwa tarehe tisa.

"Muhuri wao ni mkubwa kuliko wetu," prefe akasema. Hilo likaisha.

La pili, akauliza nani alituona pale mtoni.

"Nakutajia," nikamwambia.

Nilifumba macho, kwa kuwa siku zile nilikuwa naona kwa namna hiyo. Nilianzia upande wa daraja, kwenye jiwe kubwa lililolala. Nilitaja msichana aliyekaa pale, jina lake la ubatizo na la baba yake. Kisha aliyefuata, ambaye alikuwa na kikohozi. Kisha wawili wa mama mmoja, waliogombania beseni. Kisha binti wa jirani yangu muuza ndakala, yule yule ambaye mama yake alipeleka habari ya kifo changu. Nilishuka na mto jina kwa jina hadi mahali tulipokaa sisi, kwenye udongo mwekundu. Wasichana tisa, na wangu wa kumi.

Prefe alikuwa anafuata kwa kidole. Kila nililotaja, kidole kilisimama kwenye mstari wa siku zile zile za kukosa. Sikuwa najua kwamba wote walikuwa wa daftari lile. Mimi nilijua walikaa wapi kwenye maji, yeye alijua walikaa wapi darasani.

"Matanga," akasema, kwa wa kwanza. "Matanga. Huyu amefutwa. Huyu amefutwa. Matanga, kisha amefutwa."

Mjukuu akasema polepole, "Yule wa kikohozi alikuwa ananipita hesabu."

"Alikuwa anapita darasa lote," prefe akasema. Akachukua karatasi safi, akaanza kuandika yake kwa mkono. Akasema barua ya mlezi niandike mwenyewe, na si kwa yule bwana wa mashine.

Niliandika nyumbani, mezani, kwa herufi za masista, kubwa na zilizosimama. Mjukuu aliketi mbele yangu ili kuitafsiri. Nilipofika katikati, alisoma herufi zikiwa kichwa chini, akaweka mkono juu ya karatasi.

"Hii usiandike, kambo."

"Juu ya nini?"

"Batakuona mubaya."

"Habaniiti mimi ku chuo. Banakuita weye. Toa mukono."

Akatoa. Barua ilikuwa hivi, na hapa naiweka bila kuisafisha:

"Mi ni kambo ya huyu mutoto. Ku daftari ya shule nilikufa. Ni mi mwenyewe nilisema nimekufa. Haikukuwa vita, na mutoto hakukuwa mugonjwa. Macho yangu haikukuwa inaona jiwe nyeusi, nikamutosha ku shule juu anionee mawe. Ilifika mwaka moja na nusu. Siku moja mutoto alifua nguo ya shule akasema kesho sitakuya ku muto. Nikamuuliza, na mawe? Akaniwekea jiwe moja ku mukono huu, moja ku mukono huu. Jiwe nyeusi ni nzito. Nikajua. Siku mbili nilikuwa nachagua na mikono bila yeye, na munoaji hakurudisha hata moja. Ningeweza kufanya vile kutoka mwanzo. Sikujaribia. Mutoto alirudi ku shule yeye mwenyewe. Mi sikumurudisha."

Nikasaini. Mjukuu akaichukua, akaitafsiri kwenye karatasi nyingine, na ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Mahali nilipoandika "munoaji" badala ya mnunuzi alinirekebisha. Alipomaliza akaniuliza kama nakumbuka kwamba lile jambo la uzito alikuwa amelijua tangu mwezi wa kwanza mtoni.

Sikuwa nakumbuka, kwa sababu hakuwa ameniambia.

"Juu ya nini hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi nikikuonea," akasema. Akaenda kuosha vyombo.

Nilikaa na hilo. Bado nakaa nalo.

Alhamisi alipeleka barua yangu, ya prefe, na kopi ya karatasi ya uzima. Mama wa ofisini alisoma yote akiwa amesimama. Kisha, mjukuu anasema, alisoma karatasi ya uzima mara ya pili, akauliza kama huyu kambo bado yuko. Mjukuu akajibu yuko, anapika. Mama akapiga muhuri.

Orodha ilitoka baada ya wiki nyingi. Siku hizi haibandikwi ukutani, inakuja kwenye simu kama picha. Mjukuu alikuja mbio kutoka kwa jirani, akaniwekea simu mkononi. Jina lake lilikuwa upande wa kushoto, la nane kutoka juu. Nililisoma mwenyewe. Niliweka kidole juu yake, na kidole kikakuza picha, jina likawa kubwa kama la duka.

Jioni tulipeleka unga shuleni, mfuko mmoja, wa mahindi meupe. Prefe aliuliza, kwa huo unga aandike nini kwenye kisanduku cha sababu. Nikamwambia aache wazi. Aliuweka unga chini ya meza, akafungua lile daftari la kijani, na kwenye mstari wangu, pembeni ya neno kifo, akaandika kwa kalamu: yuko. Kisha akaweka tarehe.

Tuliporudi niliomba tena ile simu. Nilianzia juu, nikashuka jina kwa jina, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha ukurasa wa pili.

"Kambo, unatafuta nini tena?" mjukuu akauliza. "Yangu ni ile ya nane."

"Najua," nikamwambia. Nilikuwa natafuta yale mengine tisa ya mtoni. Nilifika mwisho bila kukutana na hata moja, nikamrudishia simu yake.